Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kebo za Kuunganishia Kinasa Sauti cha Kidijitali

Watu wengi huchagua kebo kwa kutazama umbo la plagi. Tundu la kinasa sauti ni dogo, basi hutafutwa plagi ndogo. Ikiingia na kukaza, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Rekodi nyingi hupotea kwa sababu ya mazoea hayo, kwa kuwa plagi ile ile ya milimita 3.5 inaweza kubeba mambo matatu yasiyofanana: sauti ya stereo kutoka kwenye kompyuta, sauti ya mono yenye mizani (inayopita kwenye nyaya mbili ili kufuta kelele) kutoka kwenye kipokezi cha maikrofoni isiyo na waya, au maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola pamoja na umeme unaoiendesha. Tundu huzipokea zote tatu kwa namna moja, na kasoro hujitokeza baadaye, wakati mahojiano yamekwisha na msemaji ameondoka.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na plagi. Unaanza na ishara inayosafiri ndani ya kebo, kisha mpangilio wa nyaya na idadi ya chaneli, kisha umeme unaoweza kuandamana na ishara hiyo. Ubora wa kebo yenyewe, ambao ndio wauzaji hupenda kuuzungumzia, unakuja baada ya hayo yote.

Hatua ya kwanza: tambua kinachotoa na kinachopokea

Chukua karatasi uandike kifaa kinachotoa sauti upande mmoja na kinasa sauti upande wa pili. Chini ya kila kimoja, andika jina la tundu kama lilivyochapishwa kwenye kifaa, bila kulitafsiri wala kulikadiria. Maneno hayo yana maana mahususi. Tundu lililoandikwa LINE OUT hutoa ishara ya kiwango cha laini, yaani yenye nguvu ya kutosha kupita kati ya vifaa vya sauti, ambayo haibadiliki sana. REC OUT au TAPE OUT kwenye miksa hutoa ishara ya laini iliyokusudiwa hasa kwa vinasa sauti. PHONES hutoa ishara ya kuendeshea hedifoni, ambayo hupanda na kushuka kwa kitufe cha sauti. MIC IN hupokea ishara dhaifu sana, na LINE IN hupokea ishara yenye nguvu zaidi.

Tundu la spika kwenye amplifaya halimo kabisa katika orodha ya vyanzo vinavyofaa. Hutoa volti nyingi na mkondo mkubwa, na linaweza kuharibu sehemu ya kupokelea ya kinasa sauti kwa mara moja. Plagi zake wakati mwingine ni za milimita 6.35, sawa na za gitaa na za miksa, na hapo ndipo umbo linapodanganya kwa hatari kubwa kuliko kwingineko.

Baada ya kuandika majina ya matundu, fungua kitabu cha maelekezo cha kila kifaa kwenye ukurasa wa vipimo vya kiufundi na utafute mambo manne: kiwango cha ishara, kama tundu lina mizani au halina, idadi ya chaneli, na kama tundu linatoa umeme. Dakika chache zinazotumika hapo huokoa zaidi ya kebo yoyote ya bei kubwa.

Hatua ya pili: linganisha viwango vya ishara

Maikrofoni ya dainamiki (ile inayotumia koili na isiyohitaji umeme) iliyo karibu na mdomo wa mtu anayezungumza hutoa takriban milivolti 1 hadi 2. Ishara ya laini ya vifaa vya nyumbani, yaani ile inayoandikwa −10 dBV, ni kama volti 0.32. Ishara ya laini ya vifaa vya kitaalamu, inayoandikwa +4 dBu, ni kama volti 1.23. Tofauti kati ya hizo mbili za laini ni takriban desibeli 12, ambayo kinasa sauti kinaweza kuihimili kwa kurekebisha kiwango cha kupokea. Tofauti kati ya maikrofoni na laini ya kitaalamu, kwa upande mwingine, ni kama desibeli 60, yaani mara elfu moja kwa volti. Hakuna kebo ya kawaida inayoweza kuziba pengo hilo, kwa kuwa kebo ya kawaida haiongezi wala haipunguzi.

Ukiingiza ishara ya laini katika tundu la maikrofoni, sauti hupasuka. Wengi hujaribu kuponya hali hiyo kwa kupunguza kiwango cha kurekodia hadi karibu na sifuri. Katika vinasa sauti kadhaa jambo hilo halisaidii, kwa sababu ishara huwa imeshaelemea saketi ya kwanza ya kukuza sauti kabla ya kufika kwenye kidhibiti kinachopunguza. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukifungua faili kwenye kompyuta, vilele vya mawimbi vimekatwa bapa ilhali mita ya kiwango cha sauti haijakaribia ukomo wake. Vinasa sauti vinavyorekodi kwa biti 32 za nukta elea (mfumo wa faili unaohifadhi sauti ndogo sana na kubwa sana) navyo havikingi dhidi ya kosa hili. Vinatoa nafasi kubwa sana ndani ya faili, lakini saketi ya kupokelea ya analogi bado ina kikomo chake cha volti, na kikivukwa, kinachorekodiwa ni sauti iliyokwisha kupasuka.

Dawa ya kwanza ni kutumia tundu sahihi, au kubadili swichi au menyu ya kinasa sauti kutoka MIC kwenda LINE ikiwa ipo. Kwenye matundu yanayopokea XLR (plagi ya mviringo yenye pini tatu) na plagi ya milimita 6.35 kwa pamoja, soma maelekezo kwa makini, kwa sababu katika vifaa vingi pini za XLR huelekea kwenye saketi ya maikrofoni na tundu la katikati huelekea kwenye saketi ya laini. Ishara moja ikiingia kwa plagi mbili tofauti inaweza kutoa matokeo mawili tofauti kabisa. Dawa ya pili, pale ambapo tundu la maikrofoni ndilo pekee lililopo, ni kebo au adapta yenye kipunguza ishara, yaani yenye rezista ndani yake. Kwa chanzo cha −10 dBV, kipunguzaji cha desibeli 20 hadi 30 kwa kawaida hutosha. Kwa chanzo cha +4 dBu, tafuta cha desibeli 40. Kebo kama hiyo ndiyo inayohitajika pia unapotoa sauti kwenye kinasa sauti na kuipeleka katika tundu la maikrofoni la kamera.

Kosa la upande wa pili, yaani kuingiza maikrofoni kwenye tundu la laini, haliharibu chochote, lakini sauti huwa hafifu, na ukiipandisha baadaye unapandisha pia ule mchakacho wa chini. Hapo hakuna adapta ya kawaida itakayosaidia. Unahitaji kikuza sauti cha maikrofoni kati ya vifaa hivyo viwili.

Hatua ya tatu: mizani, chaneli, na mtego wa plagi yenye pete

Sehemu hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi.

Plagi yenye pete moja ina sehemu tatu za chuma: ncha, pete na shina. Katika mpangilio wa stereo, ncha hubeba chaneli ya kushoto, pete hubeba ya kulia, na shina ni ardhi ya zote mbili. Katika mpangilio wa mizani, ncha hubeba ishara, pete hubeba ishara ile ile ikiwa imegeuzwa, na shina huunganishwa na wavu wa kinga. Kebo ya mizani huhitaji nyaya mbili za ndani kwa chaneli moja tu. Kifaa kinachopokea huchukua tofauti kati ya nyaya hizo mbili; kelele iliyoingia njiani, kwa kuwa imeziingia zote mbili kwa kiasi kimoja, hujifuta yenyewe, na ishara iliyokusudiwa hubaki. Plagi ya XLR ya pini tatu hufanya kazi hiyo hiyo: pini ya 1 ni kinga, pini ya 2 ni ishara, na pini ya 3 ni ishara iliyogeuzwa.

Sasa fikiria kebo ya kawaida yenye pete pande zote mbili, iliyochomekwa kutoka kwenye tundu la mizani la miksa hadi kwenye tundu la stereo la kinasa sauti. Ishara itarekodiwa kwenye chaneli ya kushoto, na ishara ile ile iliyogeuzwa itarekodiwa kwenye ya kulia. Kwenye hedifoni, sauti itasikika, ingawa itakuwa na utupu fulani wa ajabu, kana kwamba haitoki mahali popote mbele ya msikilizaji. Wengi huridhika na hapo. Lakini faili hiyo ikichezwa kwenye simu yenye spika moja, au ikibadilishwa kuwa mono kwa ajili ya redio, chaneli mbili hujumlishwa na kufutana, na sauti hutoweka. Nimewahi kuletewa mahojiano ya saa nzima ambayo mwenyewe aliamini yamefutika. Yalikuwepo yote, ila kila chaneli ilikuwa ikiiua nyingine. Kwa bahati, kosa hili lina tiba hata baada ya kurekodi: futa chaneli moja, au igeuze polariti yake (chanya iwe hasi), na sauti hurudi. Hata hivyo, ni afadhali kulizuia kwa kuchagua kebo iliyo sahihi tangu mwanzo.

Kebo sahihi kwa hali hiyo hutegemea unachotaka. Ikiwa miksa ina matundu ya RCA (yale ya duara yanayopatikana kwenye redio na televisheni za nyumbani) ya REC OUT, tumia kebo yenye plagi mbili za RCA upande mmoja na plagi moja ya stereo ya milimita 3.5 upande wa pili. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu bora kwa kinasa sauti kidogo cha mkononi: kiwango chake mara nyingi ni −10 dBV, hakuna mizani pande zote mbili, na chaneli ni mbili kwa mbili. Ikiwa miksa ina matundu mawili ya milimita 6.35 pekee, tumia kebo inayogawanyika yenye plagi mbili zisizo na pete upande wa miksa na plagi moja ya stereo upande wa kinasa sauti. Ikiwa kinasa sauti chako kina matundu makubwa yenye mizani, tumia kebo mbili za mizani, moja kwa kila chaneli, na usitumie adapta yoyote.

Mtego wa pili ni kinyume cha huo. Plagi isiyo na pete ikiingizwa kwenye tundu la stereo, shina lake hugusa mahali pa pete na kuiunganisha na ardhi, hivyo chaneli ya kushoto pekee ndiyo hurekodiwa. Kwa maikrofoni ya dainamiki yenye XLR inayotaka kuingia kwenye tundu dogo la stereo, kebo inayofaa ni ile ambayo pini ya 2 imeunganishwa na ncha na pete kwa pamoja, huku pini ya 3 na ya 1 zikiungana kwenye shina. Kwa njia hiyo sauti hurekodiwa sawasawa pande zote mbili. Kebo nyingine zenye umbo hilo hilo kabisa huunganisha pini ya 2 na ncha na pini ya 3 na pete, na hizo hukurudisha kwenye mtego wa kwanza. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Pima kwa mita ya umeme, au nunua ile ambayo mtengenezaji ameandika mpangilio wa nyaya zake.

Mtego wa tatu unahusu maikrofoni zilizotengenezwa kwa ajili ya simu. Plagi yake ina pete mbili, na katika mpangilio unaotumika zaidi, maikrofoni iko kwenye shina huku ardhi ikiwa kwenye pete ya pili. Kinasa sauti hutarajia maikrofoni kwenye ncha. Plagi itaingia, na kitakachorekodiwa ni ukimya au sauti hafifu sana. Adapta ndogo inayobadili pete mbili kuwa pete moja hutatua jambo hilo, mradi imeandikwa kwamba ni ya maikrofoni ya simu kwenda kwenye kamera au kinasa sauti, kwa sababu ziko pia zinazofanya kazi ya upande wa pili.

Jambo moja la ziada kuhusu kebo zinazogawanyika. Kugawa chanzo kimoja cha laini kwenda kwa vipokezi viwili ni salama. Kuunganisha vyanzo viwili kuwa kimoja kwa kebo hiyo hiyo si salama, kwa kuwa kila chanzo hujaribu kuendesha kingine badala ya kinasa sauti. Sauti hupungua au hupasuka, na vifaa huelemewa. Kuchanganya sauti mbili ni kazi ya miksa, au ya kebo maalumu yenye rezista kwenye kila tawi.

Hatua ya nne: fahamu umeme unaopita ndani ya kebo ya sauti

Maikrofoni za kondensa za kitaalamu huendeshwa kwa umeme wa fantomu, ambao kwa kawaida ni volti 48 zinazotumwa na kinasa sauti kupitia pini ya 2 na ya 3 kwa usawa, pini ya 1 ikiwa njia ya kurudi. Umeme huu huhitaji kebo ya mizani iliyo kamili kutoka mwanzo hadi mwisho. Adapta yoyote inayounganisha pini ya 3 na ardhi huuvunja, na maikrofoni haitafanya kazi.

Maikrofoni ya dainamiki yenye mizani haidhuriki na umeme huo, kwa sababu volti ni sawa kwenye nyaya zote mbili na hivyo hakuna mkondo unaopita kwenye koili. Hali ni tofauti kwa maikrofoni za utepe, ambazo zinaweza kuharibika ikiwa kebo ina hitilafu, na kwa vyanzo visivyo maikrofoni kabisa, kama vile simu, kompyuta au matundu ya kutolea ya miksa. Zima umeme wa fantomu kabla ya kuunganisha vitu hivyo, na subiri sekunde kadhaa ili umeme uliobaki kwenye saketi upungue.

Vinasa sauti vidogo hutoa umeme wa aina nyingine kwenye tundu la milimita 3.5, volti chache tu, mara nyingi kati ya 2 na 5, kwa ajili ya maikrofoni ndogo za elektreti. Umeme huu hauwezi kuendesha maikrofoni ya kondensa inayohitaji volti 48, hata ukitumia adapta ya aina gani. Vilevile volti 48 hazifai kupelekwa moja kwa moja kwenye maikrofoni ndogo ya kola. Kuna adapta zilizotengenezwa kushusha umeme huo, na ndizo pekee zinazofaa kwa kazi hiyo. Unapotumia chanzo cha laini, zima umeme wa tundu dogo kwenye menyu.

Hatua ya tano: amua urefu

Kebo isiyo na mizani iwe fupi. Mita 1 hadi 3 ni sawa, mita 5 au 6 ni kikomo cha busara, na zaidi ya hapo unakaribisha mvumo na sauti za redio. Mara nyingi husemwa kwamba kebo ndefu hula sauti nyembamba za juu. Kwa gitaa la umeme lililochomekwa moja kwa moja dai hilo ni la kweli, kwa kuwa chanzo chake kina impidansi (upinzani dhidi ya ishara) kubwa. Kwa maikrofoni ya kisasa hesabu hutoa jibu tofauti: kebo yenye kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya pikofaradi 100 kwa mita, ikiwa na urefu wa mita 100 na kulishwa na maikrofoni ya omu 150, huanza kupunguza sauti karibu na kilohezi 106, mbali sana na kilohezi 20 ambazo ndizo ukomo wa sikio la binadamu. Kinachopunguza urefu wa kebo isiyo na mizani ni kelele. Kebo ya mizani, kwa sababu hiyo, inaweza kwenda makumi ya mita bila wasiwasi.

Nunua urefu unaohitaji pamoja na ziada kidogo ya kupitishia kando ya ukuta na ya kuachia mzunguko mmoja karibu na kila kifaa. Kebo iliyovutwa ikakaza huhamisha kila mguso hadi kwenye maikrofoni, na plagi ndogo ya milimita 3.5 iliyovutwa kwa pembeni hulegeza tundu la kinasa sauti, ambalo ni ghali kulitengeneza kuliko kebo yenyewe. Kwa kinasa sauti cha mkononi, plagi iliyopinda pembe mraba hupunguza mzigo huo.

Hatua ya sita: kagua ubora unaohusika kweli

Kebo nzuri hutambulika kwa mambo ya kimakanika zaidi kuliko ya kisauti. Wavu wa kinga wa kusuka huvumilia kukunjwa mara nyingi na hukinga vizuri. Wavu wa kuzungushwa ni mlaini zaidi na hukunjika kwa urahisi, ingawa hufunguka ukipindwa sana. Karatasi ya alumini hukinga vyema lakini hupasuka ikikunjwa mara kwa mara, kwa hiyo mahali pake ni ndani ya ukuta au kabati, si kwenye mkoba wa mtu anayesafiri na kinasa sauti. Kebo yenye nyaya nne za ndani zilizosokotwa pamoja, huku zinazokabiliana zikiunganishwa kuwa jozi, hupambana na mvumo wa sumaku vizuri kuliko ya nyaya mbili, na inafaa ukirekodi karibu na vidhibiti vya taa au transfoma kubwa.

Tazama plagi. Iwe inafunguka kwa kuzungushwa, ili uweze kuona lehemu ndani na kuitengeneza ikikatika. Plagi iliyofungwa kwa plastiki ya kumiminwa hutupwa ikiharibika. Iwe na kibano kinachoshika ganda la nje la kebo, ili uzito usiangukie kwenye viungo vya lehemu. Plagi kutoka kwa watengenezaji kama Neutrik na Switchcraft, na kebo za Canare, Mogami au Belden, zimepata heshima kwa sababu hizo za uimara. Dhahabu kwenye plagi haipati kutu, na hilo ni faida ya kweli kwa plagi ndogo zinazoachwa bila kutumika kwa muda mrefu. Nikeli nayo hufanya kazi vizuri ikitunzwa safi. Sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya nyaya za fedha au maneno kuhusu joto la sauti. Pesa hizo zitumike kununua kebo ya pili ya akiba.

Hatua ya saba: kebo za kidijitali na za USB

Pale ambapo kinasa sauti hupokea ishara ya kidijitali, mambo hubadilika. Ishara ya S/PDIF (mfumo wa kusafirisha sauti ya kidijitali kati ya vifaa) kwa njia ya RCA huhitaji kebo ya omu 75. Kebo ya zamani ya video yenye plagi ya njano huwa imetengenezwa kwa omu 75, hivyo inafaa kabisa kwa kazi hii. Ishara ya AES3, mfumo kama huo wa vifaa vya kitaalamu, hutumia plagi za XLR lakini kebo yake ni ya omu 110. Kebo ya maikrofoni yaweza kufaulu kwa umbali mfupi, lakini isitegemewe kwa umbali mrefu. TOSLINK, iliyoanzishwa na Toshiba mwaka 1983, hutumia mwanga ndani ya uzi wa plastiki. Haiunganishi vifaa kwa umeme, na kwa hiyo huondoa kabisa mvumo wa mzunguko wa ardhi. Usiikunje kwa pembe kali, na kwa kawaida isizidi mita 5 hadi 10.

Kebo ya kidijitali yenye kasoro huleta mibofyo, mapengo au ukimya, na haibadilishi polepole tabia ya sauti. Mibofyo ikisikika, usikimbilie kuilaumu kebo kabla ya kuhakikisha kwamba kiwango cha sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) kinalingana na kwamba kinasa sauti kinafuata saa ya kifaa kinachotuma, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa sampuli hizo.

Kwa USB, tahadhari kubwa ni kebo za kuchajia pekee, ambazo hazina nyaya za data. Kinasa sauti huchaji vizuri, lakini kompyuta haikioni. Ziwekee alama kebo hizo, au ziondoe kabisa kwenye mkoba wa kazi. Kebo ya USB 2.0 isizidi mita 5. Ikiwa kinasa sauti chenye tundu la USB-C hakipokei umeme kwa kebo yenye USB-C pande zote mbili, jaribu ile yenye plagi pana ya mstatili upande wa chaja, kwa sababu baadhi ya vifaa havina rezista zinazoiambia chaja ianze kutoa umeme.

Hatua ya nane: jaribu mfumo mzima kabla ya siku ya kazi

Unganisha kila kitu kama kitakavyokuwa, zima umeme wa fantomu kwanza kisha uwashe unapohitajika, na urekodi dakika 2 za sauti ya kawaida huku vilele vikikaa karibu na −12 kwenye mita. Tikisa kila plagi taratibu ukisikiliza kwa hedifoni. Mkwaruzo wowote ni kiungo kilicholegea. Kisha peleka faili kwenye kompyuta, ikague kwa macho kutafuta vilele vilivyokatwa, na uichanganye kuwa mono. Sauti ikipungua ghafla au kutoweka, umekutana na mtego wa pete, na unajua pa kutafuta.

Ukisikia mvumo wa hezi 50 au 60, kata chaja na uendeshe kinasa sauti kwa betri. Mvumo ukiisha, tatizo ni mzunguko wa ardhi kati ya vifaa viwili vilivyounganishwa na umeme wa ukutani, na suluhisho la kudumu ni transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Waya wa ardhi wa plagi ya ukutani usikatwe kamwe kwa ajili ya kuondoa mvumo, kwa kuwa ndio unaokinga mwili wako. Mvumo ukibaki hata kwa betri, sogeza kebo ya sauti mbali na kebo za umeme, na pale zinapolazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Kebo ikifaulu jaribio hilo, ibandike karatasi ndogo yenye mpangilio wa nyaya zake, kwa mfano «pini 2 kwa ncha na pete, mono pande zote mbili», kisha ikunje kwa mizunguko mipana bila kuisokota na kuiweka pamoja na kinasa sauti iliyojaribiwa nacho.